Jalada Jeusi la Mama Tanuru

Haya alinisimulia Odessa Tolliver, Ijumaa moja ya mwezi wa nne, tukiwa wawili tu nyuma ya kanisa tunachuna kambare wa kukaangwa jioni. Odessa si mtu wa maneno mengi. Siku hiyo macho yake yalikuwa kwenye samaki na kisu kilikuwa kinakwenda, na maneno yakamtoka yenyewe. Machache aliyoyaacha nimeyapata kwa Wanda Hruska mwenye duka, ambaye tunajuana tangu kiwanda cha chuma hapa Maddock kikiwa bado kinafuka moshi.

Odessa ana mtoto mmoja, Rayford, mtu mzima mwenye mabega kama mlango wa ghala. Rayford alikuwa ametoka jela theluji ilipoanza kuyeyuka. Alifungwa kwa ngumi. Nje ya baa alimpiga mtu mara moja tu, na jicho la mtu yule halikuona tena. Wakamtoa kabla ya muda wake kwa masharti, na sharti kubwa lilikuwa hili: asimguse mtu kwa hasira. Akinyanyua mkono, anarudi ndani kumalizia miaka iliyobaki, na hakuna atakayemuuliza nani alianza.

"Ukiona damu inakupanda kichwani," mama yake alimwambia siku ile ile anamchukua langoni, "mikono yako itie mfukoni. Itie mpaka chini kabisa. Akupige, akuteme mate, akutukanie mimi mama yako. Isitoke."

"Akikutukana wewe je, mama?"

"Mimi nimeshatukanwa sana, sijafa. Mikono mfukoni."

Kilichomweka hai jela ni vitabu vya Mama Tanuru. Odessa alikuwa akimpelekea kila kilipotoka kipya. Huyu Mama Tanuru ni wa katuni, mwanamke wa kiwandani aliyetumbukia kwenye chuma kilichoyeyuka akatoka mzima, na tangu hapo ngumi zake zinawaka. Mimi vitabu hivyo huvisoma polepole, picha kwanza, maneno baadaye. Watu wa Maddock wanampenda kama ndugu yao, maana ni mtu wa chuma kama tulivyokuwa sisi. Kila ukurasa ni meno yanaruka.

Basi mwezi wa tatu ikaonyeshwa kwenye simu picha ya jalada la kitabu kitakachofuata, na mji ukapata wazimu. Kinyozi aliibandika juu ya kioo. Kuna mtu wa gereji alichorwa picha ile mgongoni kwa sindano hata kitabu chenyewe hakijatoka. Simu ya Wanda ikawa hainyamazi. Jalada lote lilikuwa jeusi, jeusi la kung'aa kama oili mpya. Katikati ngumi mbili nyekundu zinakujia wewe unayetazama, na nyuma yake, mbali gizani, jicho moja. Damu inachuruzika kwenye ngumi ya kushoto. Ukiitazama kwa muda unajikuta umerudi nyuma hatua moja.

Lakini jalada hilo halikuwa la kila mtu. Wachapaji hutoa jalada la kawaida kwa wingi, na lile maalumu humpa mwenye duka nakala moja kwa kila fungu kubwa analoagiza. Duka la Wanda ni dogo. Alipata moja tu.

Vitabu vipya hutoka Jumatano, na Jumatano hiyo Rayford alikuwa wa kwanza mlangoni. Alikwenda asubuhi na mapema na mama yake, kwa kuwa hana leseni ya kuendesha gari. Odessa alibaki ndani ya gari ng'ambo ya barabara na chupa yake ya kahawa, ile ya chuma, nzito, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kupitia kioo kikubwa cha duka aliona kila kitu. Nyuma ya Rayford mstari ulipinda mpaka kwa muuza mikate. Wengine walivaa ngumi za sponji nyekundu. Wanaimba jina la Mama Tanuru, wanapiga miguu chini, wazungu kwa weusi, wanaume kwa wanawake, utadhani wanasubiri bondia ashuke kwenye basi.

Wa pili kwenye mstari alikuwa Brody Lukacs, fundi wa paa, kijana mwekundu wa shingo, mdomo mrefu.

"Kaka, wewe umelala hapa?" Brody alimuuliza.

"Nimeamka mapema tu."

"Jela wanawaamsha mapema, eh? Mazoea mabaya hayo."

Watu wakacheka kidogo. Rayford naye akacheka, lakini Odessa, kule kwenye gari, aliona mkono wa kulia wa mwanawe unaingia mfukoni.

Sasa duka la Wanda lina sheria, na kila mtu aliyewahi kununua pale anaijua kuliko jina la meya. Kilicho mkononi mwako ni chako. Ukikiweka chini, kiko mezani, na atakayekiokota kwanza ndiye mwenyewe. Haijalishi umekiweka kwa bahati mbaya, haijalishi unatafuta pochi. Wanda aliitunga zamani kukomesha watu kurundika vitabu pembeni kama chakula cha harusi, na ilikomesha kweli.

Mlango ukafunguliwa. Rayford akaingia, na Wanda akatoa kitabu kwa mikono miwili kutoka nyuma ya kaunta. Ana miaka sabini na ushee, nywele fupi nyeupe, na sauti ya msimamizi wa zamu.

"Chukua, Tolliver. Bado hakijatiwa plastiki, nilitaka kwanza ukione kilivyo. Umestahili, ulinikuta hata taa sijawasha."

Watu wote wakanyosha shingo. Rayford alikishika pembeni kwa ncha za vidole. Na hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo asiyependa vitabu hivi asingelifanya kamwe. Jalada jeusi la kung'aa halisamehe kidole. Ukiligusa na jasho, alama inabaki, na kwa watu hawa kitabu chenye alama ya kidole ni kama gauni la bibi harusi lenye mchuzi. Viganja vya Rayford vilikuwa vimelowa. Akaona ukungu wa jasho unaanza kutanda pembeni mwa ngumi nyekundu. Akashtuka. Akakilaza kitabu juu ya kaunta, polepole, kama anamlaza mtoto, apate kufuta mikono kwenye shati.

Brody akakiokota.

"Oooh!" duka zima likasema.

"Kiko mezani," Brody akasema. "Mmeona wote. Alikiweka."

"Nilikuwa nafuta mikono," Rayford akasema.

"Futa tu, kaka. Una muda wote sasa."

"Kirudishe, bwana."

"Sheria ya Wanda. Au mwenzetu sheria hukuzoea?"

Kelele zikaanza. Nusu ya mstari wanasema sheria ni sheria, nusu wanasema huo ni wizi mchana kweupe. Wanda akapiga kaunta kwa kiganja. "Brody, mrudishie! Alikuwa anakihifadhi!"

"Bi Wanda, wiki iliyopita nilifunga kamba ya kiatu, ukaniambia kiko mezani. Si ulisema?"

Na kweli Wanda alimwambia hivyo.

Rayford akasogea mbele. Hakuinua mkono. Alisogea tu, lakini mtu wa ukubwa ule akisogea chumba kinapungua. Brody akaona wenzake wanamtazama.

"Unataka nini? Utanitoa jicho na mimi?"

"Nataka kitabu changu."

"Mama yako ndiye alikuwa anakununulia vitabu huko ndani, ndiyo? Kwa kupangusa makalio ya wazee kule nyumba ya wazee? Haya mwite aje."

Mikono yote miwili ya Rayford ikaingia mfukoni, mpaka chini kabisa.

"Lo! Ona," Brody akacheka. "Anatafuta chenji."

Akavua koti lake apate nafasi ya kupigana. Na ili alivue, akakiweka kitabu juu ya sanduku la vitabu vya zamani.

Msichana mmoja, Marisol, mhudumu wa mkahawa wa karibu na daraja, alikuwa amesimama hapo hapo na simu yake juu, anarekodi jalada awaonyeshe wenzake wasioweza kuja. Aliunyosha mkono, akakichukua.

"Kilikuwa mezani," akasema.

Watu walilipuka kwa kicheko. Brody alikuwa mkono mmoja ndani ya koti, mwingine nje. Shingo ikawa rangi ya nyanya. Marisol ni mdogo wa umbo, hawezi kupigwa mbele za watu. Brody akageuka na kile kicheko chote mgongoni mwake, akampiga Rayford mdomoni.

Odessa aliona kichwa cha mwanawe kinaruka nyuma. Anasema hakusikia sauti, kioo kilizuia, ilikuwa kama televisheni iliyozimwa sauti. Akaona ngumi ya pili, ya sikio. Ya tatu, ya tumbo. Rayford anayumba, anarudi, mikono haipo.

"Pigana!" Brody alikuwa anapiga kelele. "Pigana, wewe! Toa mikono!"

"Sitoi."

"Toa mikono!"

"Sitoi, bwana. Kichukue kitabu. Niache nitoke."

Lakini kila alipokataa ndipo mwenzake alipozidi. Kumpiga mtu asiyejikinga kunamtia mpigaji aibu, na Brody aibu yake aliimalizia hapo hapo kwa kupiga zaidi. Alimpiga kwa goti. Alimshika shingo akamsukuma kwenye rafu, rafu ikaanguka, vitabu vikamwagika.

Na wale mashabiki, Mungu awasamehe, nusu yao walikimbilia vitabu. "Chunga masanduku! Damu! Damu inaingia!" Wanainua masanduku juu ya vichwa, wanapasiana mkono kwa mkono mpaka nyuma, kama watu wanaookoa watoto kwenye mafuriko. Mtu anatema meno sakafuni na wao wanafuta vitabu kwa mikono ya mashati. Wengine walimvuta Brody, akawakung'uta. Marisol alikuwa amepanda juu ya kiti, kitabu kifuani, analia, "Muache! Muache, nakirudisha! Nakirudisha!"

Brody akamsukuma Rayford kwa nguvu zake zote. Mtu akianguka hutanguliza mikono. Rayford hakuitanguliza. Aliupiga uso wake kwenye ukingo wa kabati la kioo, kioo kikavunjika, na taya likatoa mlio ambao Wanda anasema anausikia mpaka leo akivunja mbavu za kuku. Akaanguka kifudifudi juu ya vigae, vipande vya kioo chini ya shavu, mikono bado mfukoni.

Wanda alikuwa na mti mrefu wenye ndoana wa kuangulia vitabu vya ukutani. Alimchapa nao Brody mgongoni mpaka ukakatika. Brody akageuka amnyang'anye kipande, na hapo ndipo Odessa alipoingia. Alikuwa amevuka barabara bila kutazama magari, na mlangoni watu wa mstari walimwambia alivyotukanwa na kuitwa. Chupa ya kahawa ilikuwa mkononi, na aliizungusha kama anapigilia nguzo. Ilimpata Brody juu ya sikio. Sikio likachanika, Brody akapiga magoti.

"Mimi ndiye niliyeitwa," Odessa akamwambia, akiinua tena. "Nimekuja. Sema tena."

Brody alikuwa ameshika sikio, damu inapita kati ya vidole, anamtazama mtu aliyelala pale chini kama ndiyo kwanza anamwona.

Muuza mikate alikuwa ameshapiga simu polisi. Alichowaambia ni kwamba yule mfungwa wa kina Tolliver anaua watu dukani.

Wakaja wawili. Kijana ndiye aliyetangulia, bastola imeshatoka, na alichokiona ni sakafu nyekundu, vioo, mtu mmoja sikio linaning'inia, na jitu jeusi limelala chini na mikono imefichwa.

"Mikono! Nionyeshe mikono!"

Rayford hakusikia vizuri. Sikio moja lilikuwa linalia kengele. Akajaribu kugeuka ubavu.

"Usisogee! Toa mikono mfukoni! Toa!"

Odessa aliacha kuchuna samaki alipofika hapa. Kisu akakiweka. Aliniambia, "Dada, wiki zote hizo namfundisha mwanangu asitoe mikono. Na sasa anaambiwa aitoe, na akiitoa upesi wanamuua, na asipoitoa wanamuua. Mimi mwenyewe nikawa sijui nimwambie nini. Niliona kidole cha yule kijana kinaingia kwenye kifyatulio."

"Wote chini!" polisi akapiga kelele. Watu wakalala juu ya vitabu. Wanda akapiga magoti. Odessa hakuweza hata kupinda.

"Mara ya mwisho! Mikono!"

"Hana kitu!"

Alikuwa Brody. Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtoto.

"Hana kitu, bwana mkubwa! Usipige! Ni mimi! Mimi ndiye niliyempiga, hakunigusa! Aliiweka humo tangu mwanzo, hakuitoa hata mara moja! Nilimwambia aitoe akakataa! Muulize yeyote! Ni mimi!"

"Nyamaza! Lala chini!"

"Nalala! Lakini usipige! Ni mimi niliyemvunja!"

Akajilaza kifudifudi na mikono ameitandaza, na katika kujilaza akasogea, kwa makusudi au kwa woga Odessa hajui, mpaka kichwa chake kikawa kati ya mdomo wa bastola na kifua cha Rayford. Akabaki pale, anarudia, "Ni mimi, ni mimi."

Polisi wa pili, mzee kidogo, akaweka mkono juu ya mkono wa mwenzake akaushusha. Kisha akachuchumaa. "Bwana mkubwa," alimwambia Rayford, "mimi ndiye nitakayeitoa. Wewe usifanye kitu." Akaivuta mikono ile, mmoja mmoja. Vidole vilikuwa vimeng'ang'ania vitambaa vya ndani vya mifuko, na havikuachia. Mifuko ikatoka na vidole, imechanika.

Vifundo vya vidole vyote vilikuwa vizima. Hata mkwaruzo hakuna.

Brody akafungwa pingu. Wakati wanampitisha mlangoni, taulo kichwani, aligeuka kumtazama Marisol aliyekuwa bado juu ya kiti.

"Kona za kitabu zimepona?" akauliza.

"Zimepona," Marisol akamjibu, huku akilia.

Hospitali walimfunga Rayford taya kwa nyaya. Meno matatu hayakupatikana. Mchana akaja afisa anayesimamia masharti ya kutoka kwake jela, mwanamke wa miwani, hacheki. Alikuwa ameshaongea na polisi mzee, na pia na Brody mwenyewe, ambaye hakubadilisha neno. Odessa alisimama kando ya kitanda kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Yule mwanamke aliinua mikono ya Rayford kutoka kwenye shuka, akaigeuza juu, akaigeuza chini, akavitazama vidole vyote. Kisha akairudisha.

"Bwana Tolliver," akasema, "wakikuruhusu hapa, nenda nyumbani."

Basi. Odessa anasema alitaka kumkumbatia lakini aliogopa, asije akasema naye ana mikono mibaya.

Jioni, kabla ya saa za wageni kwisha, Marisol akaja na sare yake ya mkahawa. Kitabu kilikuwa ndani ya plastiki, na kadibodi nyuma.

"Ni changu," akasema, kabla hata ya salamu. "Nisamehe, kaka Rayford. Nilikiokota kwa haki. Nimekaa mchana kutwa nataka kukupa, nashindwa. Lakini nimekuletea ukitazame."

Odessa alimkasirikia. "Wewe binti huna haya? Mtu nusura azikwe kwa ajili ya hicho, unamletea akione? Kiondoe hapa! Choma moto!"

Lakini Rayford alikuwa ananyosha kidole. Taya limefungwa, macho yamevimba kama maandazi, anafanya ishara: lete karibu. Marisol akasogea. Ishara tena: karibu zaidi. Akakileta mpaka mbele ya uso wake. Rayford akatazama ngumi zile, akatazama lile jicho la gizani, akahamia kona moja baada ya nyingine, taratibu, kama daktari. Halafu akainua dole gumba.

"Si ni kizuri?" Marisol akanong'ona. "Si ni kizuri kweli?"

Rayford akatikisa kichwa kukubali, na machozi yakamtoka kwa maumivu ya kutikisa.

"Wendawazimu," Odessa akasema. "Wendawazimu watupu." Lakini alimvutia Marisol kiti.

Msichana alipoondoka, nesi akaja na dawa ya maumivu, na haikuchukua muda Rayford akalala, mdomo umebana, anapumua kwa pua kama farasi. Odessa hakumwamini hata usingizini. Alisogeza kiti mpaka kitandani, akaishika mikono yote miwili ya mwanawe ndani ya yake, hii mikono mizito, akaiweka juu ya shuka mahali pa wazi, mtu yeyote atakayefungua mlango aione kwanza. Alikusudia kukesha hivyo. Nje gari la wagonjwa liliingia na kutoka. Akahesabu pumzi za mwanawe, akapoteza hesabu, akaanza upya. Kichwa chake kikainama kidogo kidogo mpaka kikafika kwenye godoro, viatu bado miguuni, na yeye akalala.